Kwa nini wenye nguvu hujificha? Watu wa Organia na wenzao katika tamthilia za zamani za anga

Swali kutoka kwa Msomaji wa Jinja

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililonikaa moyoni tangu nilipomaliza msimu wa kwanza wa Star Trek ya zamani, ile iliyorushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Katika sehemu iitwayo "Errand of Mercy", iliyoonyeshwa tarehe 23 Machi 1967, Kapteni Kirk wa chombo cha anga na msaidizi wake Spock wanateremka katika sayari ya Organia kuwaonya wenyeji kwamba Waklingon, taifa la kivita lililo adui yao, wanakuja kuiteka. Wenyeji wanaongozwa na baraza la wazee wapole wenye majoho, na kila Kirk anapowasihi wajilinde, wao hutabasamu na kumwambia kwamba hakuna hatari yoyote. Hata Kamanda Kor wa Waklingon anapoamuru mateka 200 wauawe, wazee wale hawapandishi sauti. Mwishoni tunagundua kwamba ni viumbe wa nuru tupu, wasio na mwili, ambao kwa nia peke yake wanazifanya silaha za pande zote mbili ziwe za moto kiasi cha kutoshikika, pale sayarini na ndani ya meli za kivita angani. Vita vinazimwa ndiyo kwanza vinaanza.

Nilitazama sehemu hiyo pamoja na mama, nikimfasiria kwa Kisoga. Kirk na Spock walipotokeza ghafla katikati ya kijiji na wapita njia wakaendelea na safari zao bila kushtuka, mama aliniambia nisimamishe picha. "Hawa wanajua jambo," alisema. "Mgeni haanguki kutoka mbinguni watu wakampita tu."

Ikiwa basi walikuwa na uwezo huo siku zote, kwa nini walijificha? Nimelelewa katika nyumba ambamo mkubwa akiona watoto wanapigana asiwaamue, huhesabiwa kuwa ameshiriki. Je, kimya chao ni hekima, au ni ubinafsi uliovishwa joho?

Jibu la Mwalimu wa Mbarara

Ndugu, mpe mama pongezi zangu, maana aliona mapema kuliko Kirk mwenyewe.

Kuhusu wale mateka, kumbuka kwamba hakuna aliyekufa. Mzee Ayelborne anaeleza baadaye kwamba kifo hakijatokea Organia kwa maelfu ya miaka yasiyohesabika. Risasi za Kor zilipiga sura tu walizojivika. Kwa hiyo hawakuwatazama wenzao wakifa. Walichokuwa wakikitazama ni sisi, na wanasema wazi kwamba kuwa karibu na viumbe wenye hasira kama zetu kunawaumiza vikali. Mtu anayejitenga kwa sababu anaumia hawezi kuhukumiwa sawa na mtu anayejitenga kwa kiburi.

Lakini kiini cha sehemu ile, kwa maoni yangu, ni dakika chache ambazo Kirk na Kor, maadui wa kufa na kupona, wanajikuta wakilalamika kwa sauti moja kwamba wameingiliwa. Kirk anaanza kudai haki yake, na Ayelborne anamuuliza kama haki anayoidai ni ile ya kuua mamilioni ya watu wasio na hatia. Kapteni anakosa la kusema. Baadaye, akiwa chomboni, anakiri kwa aibu kwamba aliwakasirikia waliomzuilia vita ambavyo yeye mwenyewe hakuvitaka. Aliyeandika maneno hayo ni Gene L. Coon, ambaye aliwahi kuwa askari wa kikosi cha wanamaji cha Marekani, na aliyaandika wakati nchi yake ikiwa na mamia ya maelfu ya askari Vietnam. Mtazamaji wa Machi 1967 hakuhitaji kufasiriwa.

Isitoshe, wiki sita tu kabla ya hapo, katika sehemu iliyorushwa tarehe 9 Februari, watazamaji walisikia kwa mara ya kwanza juu ya sheria ya Shirikisho, yaani muungano wa sayari ambao Kirk anautumikia, inayokataza kuingilia jamii ambazo hazijaendelea. Kirk huivunja sheria hiyo kila anapoona dhuluma. Kule Organia mambo yamegeuka: jamii changa ni yake, na anaonja mwenyewe uchungu wa kuamuliwa mambo na aliyemzidi.

Jibu la Binti wa Arua

Kwa heshima zote, Mwalimu, naona unawasamehe upesi mno. Hebu tuwatazame wengine wa aina hiyo. Watu wa sayari ya Talos IV, waliobuniwa katika sehemu ya majaribio kabla Star Trek haijapata nafasi kwenye televisheni, walikimbilia chini ya ardhi baada ya vita kuiharibu sayari yao. Huko walikuza uwezo wa kuumba njozi hadi wakaacha kulima, kujenga na hata kutengeneza mitambo ya mababu zao, kwa sababu walikuwa wamesahau namna ya kufanya hivyo. Wakabaki kuwafungia viumbe wengine ili waishi kwa kutazama hisia zao.

Halafu kuna Mabwana wa Wakati katika Doctor Who ya Uingereza, yaani watu wa asili ya Daktari, mhusika mkuu anayesafiri katika nyakati. Tamthilia ilianza 1963, lakini hatukuwaona hadi 1969, katika hadithi ya sehemu 10 iitwayo "The War Games". Daktari anashtakiwa mbele yao kwa kosa la kuingilia mambo ya sayari nyingine, naye anajitetea kwa kuwashutumu: mna uwezo mkubwa, na mnautumia kutazama tu. Wanakubali kwamba maovu yapo, kisha wanambadilisha sura na kumhamishia duniani. Mwaka 1976, "The Deadly Assassin" ilipotuingiza ndani ya jamii yao, tulikuta nini? Wakuu waliovaa majoho mazito wakigombea vyeo. Mimi nilipoiona nilihuzunika kwa kweli, kwa maana nilikuwa nimewaheshimu. Kujitenga kwa muda mrefu hakukuwafanya wenye hekima, kuliwaozesha.

Jibu la Mzee wa Mubende

Wanangu, niruhusuni niseme kutoka hapa nilipo. Karibu na kwangu kuna mti wa Nakayima, ambao mizizi yake imeinuka kama kuta na kufanya vyumba, na watu bado huingia humo kuacha buni na sarafu. Mti huo unahusishwa na Ndahura, mfalme wa Wachwezi. Nao, kama masimulizi yasemavyo, walikuwa na uwezo uliowazidi binadamu, wakatawala ufalme wa kale wa Kitara kwa muda mfupi, kisha wakatoweka. Waliondoka kwa sababu heshima ilikuwa imekwisha: watumishi na hata wake zao walikuwa wamewadharau, na ng'ombe wa kupigia ramli alipopasuliwa, tumbo lake lilikutwa tupu. Tangu utotoni sikuwahi kusikia mtu akiwalaumu kwa kujificha. Tuliuliza wameacha nini. Walioshika utawala baada yao, yaani Wabito, walirithi ngoma za kifalme na taratibu za enzi.

Kwa kipimo hicho, Binti, watu wa Talos hawakuacha kitu, nawe una haki kuwakemea. Watu wa Organia waliacha mkataba wa amani kati ya Shirikisho na Waklingon. Tazameni sehemu ya tarehe 29 Desemba 1967, ile ya vinyama vya manyoya vinavyozaliana bila kikomo: Shirikisho na Waklingon wanagombea sayari moja, na chini ya mkataba wa Organia itapewa upande utakaothibitisha kwamba unaweza kuiendeleza vizuri zaidi. Ndiyo maana kisa chote kinahusu ghala la nafaka ya mbegu. Wenye nguvu hawaonekani hata mara moja, lakini maadui wanabishana juu ya kilimo.

Msomaji wa Jinja anajibu

Ahsanteni sana. Mzee, sikuwa nimeliunganisha ghala lile na Organia, na jioni ya leo nitamweleza mama. Binti wa Arua, bado niko upande wako kuhusu Mabwana wa Wakati.

Naongeza moja tu. Ayelborne alimwambia Kirk kwamba siku moja watu wake na Waklingon watakuwa marafiki na watafanya kazi pamoja, na Kor alikataa katakata kuamini. Mwaka 1987 Star Trek iliporudi na wahusika wapya, Worf, ambaye ni Mklingon, alikuwa amesimama katika chumba cha uongozi cha chombo cha Shirikisho, akiwa amevaa sare yao.