Msimu umevurugika ghafla, nawashikaje hawa vijana?

KochaBilaUwanja
Wakuu habari zenu. Nafundisha timu ya mpira ya shule, vijana wa miaka 14 hadi 17. Juzi tumeambiwa uwanja unafungwa kwa ujenzi, na mashindano yaliyokuwa yaanze baada ya wiki mbili yamesogezwa mbele, mpaka lini hakuna anayejua. Watoto walikuwa wameiva yaani we acha tu. Jana nimewaambia, kepteni akaanza kulia, mwingine akauliza "sasa kesho tuje au tusije?" nikabaki nimesimama na filimbi mdomoni sina jibu. Na mimi mwenyewe nimekata tamaa kusema kweli. Nilichobakiwa nacho ni kieneo cha sakafu kama nusu ya kiwanja cha basketi, koni kadhaa na mipira sita. Niwaachie wapumzike hadi tarehe mpya itoke au niendelee? Na nikiendelea, nafanya nao nini?

MwlMichezo
Pole sana kocha. Jibu la huyo mtoto ni "njooni", hata kama mtakuja kukaa na kuongea tu. Naongea kwa maumivu, 2020 shule zilipofungwa kwa korona mimi nikawaambia wangu tusubiri taarifa, basi nikasubiri na wao wakasubiri, tuliporudi karibu nusu ya timu haikuwepo, wengine walishapata mambo yao na wengine walikuwa wanaona aibu kurudi na mwili umejaa. Sio kwamba mpira uliwashinda, hawakuwa na kitu cha kuhesabia siku.

Angalia Olimpiki ya Tokyo, iliahirishwa tarehe 24 Machi 2020, na kabla wiki haijaisha, tarehe 30, wakatangaza tarehe mpya ya Julai 2021. Mwanamichezo akajua anajipanga upya kuelekea wapi. Wewe wakubwa hawajakupa tarehe, jiwekee ya kwako. Sema Ijumaa ya wiki ya nne tunagawana timu mbili tunacheza wenyewe kwa wenyewe, na mzazi anayetaka kuja aje. Na usiwaahidi kwamba mashindano yatakuwepo, wakija kugundua ulikuwa unawapa moyo tu hawatakuamini tena hata ukisema kweli.

Pumzi_Mbili
Naongezea upande wa mwili. Pumzi inaanza kushuka ndani ya wiki mbili tatu za kukaa bure, nguvu za misuli zinavumilia zaidi kidogo. Kwa hiyo mara tatu kwa wiki, dakika 40 hivi, inatosha kuwashikilia. Hako kaeneo mbona kazuri, 3 kwa 3, tachi mbili (mtu akipata mpira anaugusa mara mbili tu, kisha atoe), anayefungwa anatoka, watahema mpaka wakuombe maji. Pasi ndefu na kona sahau kwa sasa.

Hatari kubwa iko siku uwanja ukifunguliwa. Makocha wengi wanataka kufidia wiki zote zilizopotea ndani ya siku tano. NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 2011 wachezaji walifungiwa nje kwa sababu ya mgogoro wa mkataba kuanzia Machi hadi Julai, waliporudi wakaingia moja kwa moja kwenye mazoezi mazito, na mwezi wa kwanza tu zaidi ya kumi wakakatika kano ya Achilles, ile ya nyuma ya kisigino. Na hao ni watu wazima wenye madaktari pembeni. Wako bado wanakua, magoti na visigino vyao ndo kabisa. Panda taratibu, na siku ya mechi tumia sabu (wachezaji wa akiba) zote ulizoruhusiwa. Hata wakubwa mpira uliporudi 2020 waliruhusiwa sabu 5 badala ya 3, sababu ratiba ilibana na miili haikuwa tayari.

BekiMstaafu
Mimi napingana kidogo na "njooni kesho". Wape siku tatu nne wanune kwanza, na wewe pia, umesema mwenyewe umekata tamaa na watoto wanausoma uso wa kocha kabla hujafungua mdomo. Halafu huyo kepteni, yuko mwaka wa mwisho? Maana kwa wadogo msimu umesogea, kwa wa mwisho huenda ndo umeisha. Usiwaweke kapu moja.

KochaBilaUwanja
Dah. Ndiyo, yuko mwaka wa mwisho, na wako wanne. Sikulifikiria hilo kabisa, nilidhani analia sababu ni kepteni.

MwlMichezo
Basi hao wanne waite peke yao kabla ya timu. Usiende na hotuba, waulize tu wangependa iishe vipi. Wa kwangu mmoja aliomba avae jezi apige picha na wenzake, basi. Mwingine aliomba awafundishe wadogo kukaba, na alikuwa ananizidi.

KochaBilaUwanja
Nawaita Jumatatu. Tachi mbili naanza Alhamisi, BekiMstaafu umeshinda siku tatu zako.