Mjadala: Je, ilikuwa haki kuwafungulia mipaka mafundi wa reli wakati raia wamefungiwa nje?

Mwaka 2020, mataifa mengi yalipofunga mipaka kwa sababu ya UVIKO-19, miradi kadhaa ya treni za mijini ilikwama kwa kukosa watu, ingawa saruji ilikuwapo na reli zilikuwa zimekwisha kutandikwa. Waliokosekana ni wahandisi wa mifumo ya ishara, mafundi wa treni na wakaguzi wa usalama, ambao walikuwa makwao ng'ambo na hawakuruhusiwa kusafiri. Hoja ambayo bado inagawa watu ni kama serikali zilipaswa kuwapa wageni hao kibali maalumu. Wanaopinga wanasema kwamba ugonjwa hauchagui cheo, na kwamba treni inaweza kungoja lakini uhai haungoji. Mimi naamini kibali kilistahili, ila kwa watu wachache sana, na kwa sharti kwamba fundi aliyeruhusiwa kuingia asiondoke kabla hajaacha mwenyeji mwenye idhini ya kuifanya kazi hiyo. Sharti hilo ndilo ninalotaka tulijadili, kwa sababu sioni kama lilipewa uzito unaostahili.

Tuangalie Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Ujenzi wa njia ya treni ya Cat Linh–Ha Dong, yenye urefu wa kilomita 13 na vituo 12, ulianza mwaka 2011 chini ya mkandarasi wa Kichina. Mwanzoni mwa 2020 wataalamu wa mkandarasi walikuwa wamekwenda kwao kwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, ugonjwa ukalipuka, na kurudi kukawa kugumu. Machi 22 Vietnam ikasitisha kuingia kwa wageni, isipokuwa makundi machache wakiwamo wataalamu, ambao nao walilazimika kukaa karantini. Mshauri wa Kifaransa aliyepewa kazi ya kutathmini usalama naye alichelewa. Majaribio ya siku 20 yalifanyika Desemba 2020, na abiria wa kwanza wakapanda Novemba 6, 2021. Wapo wanaousimulia mradi huu kana kwamba ni janga lililouchelewesha, na hapo lazima tuseme kweli: virusi vilipoingia, miaka minane ilikuwa imekwisha kupita. Janga lilirefusha uchelewaji ambao tayari ulikuwapo, na si haki kulibebesha mzigo wote.

Hata hivyo, wanaosema kwamba treni inaweza kungoja huenda hawajaona reli iliyongoja. Mifumo mingi hutambua mahali treni ilipo kwa mkondo mdogo wa umeme unaopita kwenye reli: magurudumu na ekseli yake vikiziunganisha reli mbili, mtambo unajua kwamba kipande hicho kina treni, na ishara ya nyuma yake inabaki nyekundu. Reli isiyopitwa kwa majuma kadhaa hushika utando wa kutu ya rangi ya chungwa, mwembamba kiasi kwamba ukipitisha kidole unabaki na vumbi tu, lakini unatosha kulizuia gurudumu lisigusane sawasawa na chuma. Hapo mtambo unaweza kuona njia tupu mahali palipo na treni yenye uzito wa makumi ya tani. Kwa hiyo njia iliyokwisha kujengwa na kuachwa bila majaribio haibaki ilivyo, bali huharibika taratibu, huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa na wananchi wakiendelea kubanana barabarani.

Je, kazi hiyo haikuweza kufanywa kwa njia ya video? Sehemu yake iliweza. Ukaguzi wa vifaa kiwandani, mafunzo ya nadharia na usomaji wa kumbukumbu za mitambo vinaweza kufanyika kwa mbali. Lakini kupima kama treni iliyo katika mwendo kamili inafunga breki na kusimama sentimita chache tu kutoka alama yake, kwenye reli kavu na kwenye reli iliyolowa, kunahitaji mtu ndani ya chumba cha dereva, kompyuta ikiwa mapajani, na mtu huyo awe na mamlaka ya kubadili vigezo vya programu pale pale na kutia saini kwamba ni salama. Mara nyingi saini ndiyo kikwazo kuliko ujuzi. Wenyeji wengi walikuwa wakifahamu vizuri la kufanya, ila wangeugusa mfumo bila mtengenezaji kuwapo, dhamana ingefutwa.

Hoja ya wapinzani ninayoiheshimu kuliko zote inatoka Australia. Nchi hiyo iliweka kikomo cha idadi ya wanaowasili kuanzia Julai 2020, na makumi ya maelfu ya raia wake wakakwama nje. Kila kitanda cha karantini alichopewa fundi wa kigeni kilikuwa kitanda ambacho mama mmoja hakukipata ili arudi kumuuguza mzazi wake. Siwezi kulipuuza hilo, na yeyote anayetetea vibali lazima alijibu. Jibu langu ni kwamba kipimo kiwe kikali: mwajiri athibitishe kwamba ujuzi huo haupatikani nchini, kama New Zealand ilivyokuja kudai kwa kundi lake la wafanyakazi wa lazima, na zaidi ya hapo athibitishe kwamba mradi umefika hasa katika hatua ya majaribio. Meneja anayekuja kukagua maendeleo abaki kwao.

Hapa ndipo mikataba inapohusika. Katika masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999, yanayotumika katika miradi mingi ya kimataifa, kifungu cha 8.4 kinampa mkandarasi haki ya kuongezewa muda panapotokea upungufu usiotarajiwa wa watumishi au vifaa kutokana na magonjwa ya mlipuko au hatua za serikali. Kwa hiyo mkandarasi amekingwa asitozwe fidia ya uchelewaji. Mwenye mradi, ambaye ni umma, hana kinga ya aina hiyo dhidi ya kumtegemea mtu mmoja aliye upande wa pili wa mpaka. Kinga yake ingekuwa lile sharti la kuacha mwenyeji mwenye idhini. Wapo watakaosema kwamba mtengenezaji hatakubali kamwe kutoa idhini ya kugusa programu yake. Nadhani atakubali, iwapo sharti hilo litawekwa kwenye zabuni wakati bado anaitafuta kazi, na si baada ya treni kushushwa bandarini. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kukaa katika meza za majadiliano ya mikataba hiyo: mlipolidai, mlijibiwa nini, na ni nani aliyelegeza kwanza?