"Wewe chora tu, tutamalizana": huu mchezo wa ramani bila mkataba uishe

Assalaam alaykum wadau. Undugu haumlipi mhandisi wa nondo, tusidanganyane.

Ugomvi wote huanzia kwenye neno moja: ramani. Mteja akilitamka anakusudia vyumba, picha za kompyuta, umeme, mabomba, hesabu ya nondo na kumsimamia fundi juu yake. Mchoraji anakusudia karatasi sita. Wanapeana mikono wakicheka, baada ya miezi mitatu hawaamkiani. Mkataba uitaje michoro kwa majina na vipimo: kila ghorofa 1:100 (sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba), sura nne za nje, mikato miwili (nyumba ikionekana kama imepasuliwa wima), msingi, paa, ngazi 1:20. Kisichotajwa kina bei yake.

Mji Mkongwe ndiko balaa zaidi. Jumba la zamani halina mchoro wa kuanzia, na kuta za mawe na chokaa hazina pembe mraba wala unene mmoja. Kulipima chumba kwa chumba ni kazi ya watu wawili siku kadhaa, mteja anaiita "kuja kutazama nyumba". Iandikwe peke yake, ilipwe kwanza.

Halafu huu upuuzi wa "malipo ya mwisho kibali kikitoka"! Kibali kiko mkononi mwa mchoraji? Hati ya ardhi ikikosekana au jirani akiweka pingamizi, faili linalala na pesa inalala nalo. Yafungeni malipo kwenye kazi iliyokabidhiwa: 30 kwa mia siku ya saini, 30 rasimu ikikubaliwa kwa maandishi, 30 michoro kamili, 10 masahihisho ya mamlaka yakiisha, au siku 60 tangu kupeleka maombi, lolote litakalotangulia. Ada za kibali alipe mwenye nyumba mwenyewe.

Marekebisho mizunguko miwili, basi. Mzunguko ni orodha moja ya maandishi, si sauti kumi na nne za WhatsApp kutoka Maskati, mume anataka baraza, mke anataka gereji. Atajwe mwenye kauli. Na kuongeza ghorofa si marekebisho. Nguzo na msingi vinahesabiwa upya.

Wachoraji nanyi msijifanye mawalii. Mnatuma rasimu haina maandishi ya "si ya kujengea", fundi anaichapisha Darajani na kuanza kuchimba. Mnapokea malipo ya awali, simu haipatikani. Tarehe zenu ziandikwe, na makato ya kila wiki mnayochelewa.

Vifungu vya kunakili Bara navyo! Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2003, nyinyi mnaitaja ile ya Bara ya 1999. Andikeni wazi: mchoro ni wa nyumba moja, kiwanja kimoja. Akitaka kuirudia Chake Chake, alipe tena.

Mwenye nakala ya mkataba aiweke hapa, afute majina, tuichambue kifungu kwa kifungu.