Kijana wa akademia na dirisha la Januari: nimuuze au nibaki naye?

Winga_wa_Umoja aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, natanguliza salamu. Ninaiongoza Grimsby Town, klabu ya Uingereza, katika sehemu ya umeneja ya mchezo wa video wa kandanda, EA Sports FC 26, huu ukiwa msimu wangu wa kwanza nayo, na ningependa kusikia maoni ya waliowahi kupita njia hii kabla sijakubali jambo ambalo haliwezi kurudishwa nyuma. Niliichagua klabu hii kwa sababu ya ile mechi ya Agosti 2025, walipowatoa Manchester United katika Kombe la Ligi kwa penalti 12 kwa 11 baada ya sare ya 2-2, na pia kwa sababu Mkenya mwenzetu Clarke Oduor alivaa jezi yao usiku ule, akiwa amekuja kwa mkopo kutoka Bradford City.

Hali yangu ni hii. Tumeingia Januari tukiwa nafasi ya nane katika League Two, yaani daraja la nne la Uingereza, pointi mbili nyuma ya nafasi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho kuingia mchujo wa kupanda daraja. Winga wangu wa kushoto ana umri wa miaka 17, ametoka katika akademia yetu, na kiwango chake, yaani alama ya ubora ambayo mchezo humpa kila mchezaji, kimepanda kutoka 58 hadi 63 tangu Agosti. Klabu moja ya Championship, daraja la pili, imeleta ofa ya pauni milioni 2.1, ilhali fedha zangu za usajili zilizosalia ni pauni 180,000 tu. Wakati huohuo mabeki wangu wa kati wote wawili wamevuka miaka 32, kiungo mkabaji hana wa kumpokea, na kwenye bajeti ya mishahara nimebakiwa na pauni 1,500 kwa wiki. Bodi imenitaka nimalize ndani ya nafasi za mchujo na vilevile nikuze vijana, kwa hiyo nikimuuza nitakuwa nimetimiza agizo moja kwa kulivunja jingine. Je, nichukue fedha hizo nijenge safu ya ulinzi sasa hivi, au nivumilie na kikosi hiki hadi Mei?

Kocha_Buruburu alijibu:

Ndugu yangu, kabla hujaijadili ofa hiyo, fungua ukurasa wa fedha uangalie mishahara, mchezaji mmoja baada ya mwingine, kwa sababu jibu lako limo humo. Mtu aliyezoea kuongoza Arsenal au Real Madrid, akishuka hadi daraja la nne, huendelea kuamini kwamba fedha za klabu ni ada za uhamisho. Huku chini ada ni jambo la pili. Wachezaji wanaoweza kukubadilishia msimu, wengi wao hawana klabu au mikataba yao imefika ukingoni, na huwalipii waajiri wao hata senti moja. Kinachokukwamisha ni kwamba beki mzuri anataka pauni 3,000 kwa wiki nawe una 1,500. Mshahara wa pauni 3,000 kwa wiki ni pauni 156,000 kwa mwaka, na akitia saini miaka miwili umejifunga kulipa pauni 312,000, ambazo ni zaidi ya fedha zote za usajili ulizo nazo leo.

Sasa tazama unachotaka kukiuza. Kijana aliyepandishwa kutoka akademia hulipwa kidogo kuliko karibu kila mtu kikosini, kwa hiyo akiondoka utapata milioni mbili upande wa usajili, lakini upande wa mishahara utakuwa umefungua nafasi ya pauni mia chache tu. Ni kweli kwamba mchezo unakuruhusu kuhamisha fedha kutoka fungu la usajili hadi fungu la mishahara. Hata hivyo, ukizigeuza zote kuwa mishahara ya watu watatu wa miaka 30, mikataba yao itaendelea kukudai msimu ujao, wakati ambapo fedha zenyewe zimekwisha na winga hayupo.

Wa kuuzwa ni yule wa miaka 29 au 30 ambaye mshahara wake ni miongoni mwa mitatu mikubwa klabuni na kiwango chake hakipandi tena. Kila klabu ya daraja hili huwa na mtu wa namna hiyo, mara nyingi mshambuliaji wa pili au kiungo aliyewahi kucheza juu. Thamani yake hushuka kila msimu unaopita, kwa hiyo hata ada ndogo ipokee, kwa kuwa faida yako halisi ni ule mshahara unaorudi mezani. Hata nje ya mchezo mambo ni hayohayo: klabu za League One (daraja la tatu) na League Two hufungwa na kanuni inayowekea matumizi ya wachezaji kikomo kulingana na mapato ya klabu, na ndiyo maana huishi kwa mikopo na kwa wachezaji huru.

Kiungo_Ngara alijibu:

Kwa heshima zote kwa Kocha, hesabu yake ya mishahara ni sahihi lakini sikubaliani na hitimisho lake. Pauni milioni 2.1 ni zaidi ya mara kumi ya bajeti yote ya usajili ya ndugu yetu, na hakuna anayemhakikishia kwamba ofa hiyo itarudi Juni. Kijana akiumia goti mwezi Februari, Grimsby itabaki na winga aliyelala hospitalini na mabeki wazee wawili.

Kumbukeni klabu ya MK Dons walivyofanya kwa kiungo wao kijana, Dele Alli. Februari 2015, siku ya kufungwa kwa dirisha, walimuuza kwa Tottenham kwa pauni milioni 5, wakakubaliana kwamba abaki nao kwa mkopo hadi mwisho wa msimu, na Mei wakamaliza wa pili katika League One na kupanda hadi Championship. Walipata fedha na mchezaji kwa pamoja. Katika Football Manager, mchezo mwingine wa umeneja, mpango wa aina hiyo unaweza kuuweka mezani wakati wa mazungumzo, na mimi mwenyewe huutumia kila ninapouza kijana katikati ya msimu. Katika mchezo wa EA, usipoupata, basi dai asilimia ya mauzo yake ya baadaye, kwani klabu ya Championship inayonunua mtoto wa miaka 17 hainunui kwa ajili ya kukaa naye milele. Akiuzwa tena akiwa na miaka 21, fungu lako litakuwa kubwa kuliko ada ya leo.

Kabla ya yote, naomba utueleze mkataba wake unaisha lini. Ikiwa imebaki miezi 18, mnunuzi ndiye mwenye nguvu, na hapo ningeuza bila kusita.

Mwalimu_Mathare alijibu:

Nimesoma yote kwa makini na ningependa kuongeza upande wa kijana mwenyewe, kwa sababu ninafundisha wasichana na wavulana wa chini ya miaka 15 hapa Eastlands na jambo hili naliona kila Jumamosi. Mchezaji wa umri huo hukua kwa dakika anazocheza. Mchezo wa EA umeliweka sawa jambo hilo: kijana mwenye uwezo mkubwa anayepangwa kila wiki, akawekewa mpango wa mafunzo unaolingana na nafasi yake, hupanda haraka, na yule anayekaa benchi hudumaa. Winga wako amepanda pointi tano katika nusu msimu kwa sababu unampanga. Ukimpeleka Championship, huenda asiguse mpira hadi msimu uishe, na hapo hata ile asilimia ya mauzo ya baadaye anayoisifu Kiungo itakuwa asilimia ya kitu kilichopungua.

Kiungo ametaja mfano wa MK Dons, nami nitaje wa Fleetwood Town. Jamie Vardy aliwafungia mabao 31 ya ligi msimu wa 2011/12, wakatwaa ubingwa wa daraja la tano na kuingia League Two kwa mara ya kwanza, kisha Mei 2012 wakamuuza kwa Leicester City kwa pauni milioni 1. Walimtumia mpaka kazi ikaisha, na bei haikuanguka. Hapa nyumbani pia tunayo Mathare United, iliyozaliwa na chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka wa 1987. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008 ikiwa imejengwa juu ya vijana waliokuzwa mtaani, na haikuwahi kuwa na mfuko wa Gor Mahia.

Kuhusu ulinzi wako, una njia mbili ambazo hazikugharimu ada. Ya kwanza ni mkopo. Tafuta beki wa kati wa miaka 19 hadi 21 katika klabu za juu, aliyewekwa kwenye orodha ya wanaotolewa kwa mkopo. Kwa League Two mwenye kiwango cha 64 au 65 ni ukuta, na kwao hana nafasi hata ya benchi. Mwangalie kasi yake kabla ya jambo jingine, kwa sababu atakuwa akisimama kando ya mtu wa miaka 33, na mmoja wao lazima aweze kukimbia nyuma mpira ukirushwa juu ya vichwa vyao. Ya pili ni mkataba wa awali. Tangu Januari mchezaji wa klabu nyingine ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa msimu anaweza kukubaliana nawe sasa na kuja bure wakati wa kiangazi. Hatakusaidia Machi, lakini utaanza msimu ujao na beki mpya huku wenzako wakigombania waliobaki.

Naomba pia usiisahau akademia, maana ndiyo iliyokupa winga huyu. Ajiri skauti mmoja tu, lakini mwenye nyota nyingi za uamuzi hata kama nyota zake za uzoefu ni chache. Uzoefu humletea vijana wengi zaidi katika kila ripoti, ilhali uamuzi ndio unaotambua nani ana kitu. Klabu maskini haihitaji ripoti ndefu. Inahitaji kijana mmoja wa kweli kila baada ya msimu.

Benchi_Githurai alijibu:

Wenzangu wamezungumza vizuri kuhusu fedha, nami nitagusa uchovu tu. League Two ina mechi 46, na mechi za Jumanne huanza kukubana hasa kuanzia Januari. Tazama mstari wa nguvu wa mabeki wako dakika ya 60: ikiwa umeshuka chini ya nusu, tatizo lako si ubora wao bali ni mfumo wa kukaba juu unaowalazimisha kukimbia mita 40 kurudi nyuma kila mpira unapopotea. Ishushe safu ya ulinzi, punguza ukabaji wa juu, na mmoja wa wazee hao apumzike kila mechi ya katikati ya wiki. Mechi za ugenini dhidi ya timu za chini usizipitishe kwa kuziachia kompyuta, maana huko ndiko pointi hupotea.

Winga_wa_Umoja alijibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu kwa kunifungua macho kuhusu mikataba ya awali. Kwa swali la Kiungo, mkataba wa kijana ulikuwa umebakiza miezi 18 kamili, kwa hiyo hofu yake ilikuwa na msingi. Jana usiku nilimwita mezani kwanza kabla ya kuijibu klabu ya Championship, akakubali kuongeza hadi 2029 kwa pauni 900 kwa wiki, bila kipengele cha bei ya kumnunua moja kwa moja, ndipo nikaikataa ofa.

Kisha nilifanya kama Kocha alivyoelekeza. Kwenye ukurasa wa mishahara nilimkuta mshambuliaji wa miaka 30 anayelipwa pauni 3,400 kwa wiki, ambaye ameanza mechi chache tangu Oktoba. Ameuzwa kwa pauni 95,000. Baada ya nyongeza ya kijana bado nina nafasi ya kutosha ya mshahara, na nimeshampata kwa mkopo beki wa kati wa miaka 20, kiwango 65, kasi 71, kutoka klabu moja ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kilichobaki ni kiungo mkabaji. Nimeona wawili: mmoja ni mchezaji huru wa miaka 31 anayetaka mkataba wa miaka miwili, na mwingine ana miaka 23, kiwango chake ni pungufu kwa pointi mbili, na klabu yake inataka pauni 150,000. Mngemchukua yupi?

Kocha_Buruburu alijibu:

Mchukue wa miaka 23, na uanze mazungumzo kwa pauni 110,000. Pengo la pointi mbili atalifuta kufikia Agosti ikiwa utampanga, na ukipanda daraja bado utakuwa na mchezaji anayeuzika, wakati yule wa 31 atakuwa na mwaka mzima wa mshahara ambao hakuna klabu itakayotaka kuubeba. Ukimfikia kwa 130,000, zilizobaki ziweke upande wa mishahara usizitumie tena mwezi huu. Mtu akivunjika mguu Machi utazihitaji.

Kiungo_Ngara alijibu:

Kwa mkataba huo wa 2029 nimeridhika, na sasa nakubali abaki. Wa miaka 23 namuunga mkono pia, ila hakikisha anaweza kucheza beki wa kati kwa dharura, kwa kuwa mkopo wako utarudi kwao Juni na huyo wa mkataba wa awali bado hujamtaja kama umeshampata.