Mambo ambayo mkulima wa viazi hajawahi kufanya

Kijana wa Isyonje:
Wakuu, salaam. Tuyaanike hapa yale ambayo mkulima wa viazi mviringo huku kwetu Mbeya hajawahi kuyafanya. Naanza: hajawahi kupanda kiazi kizuri. Kikubwa kinapanda fuso, cha kati kinaingia sufuriani, alichokikataa mnunuzi ndiyo mbegu. Mavuno yakipungua, mvua ndiyo mchawi. Ongezeni, ila kila neno lije na dawa yake.

Mzee wa Matuta:
Umegonga mlemle, mkuu. Shina lenye virusi huzaa viazi vidogo, kwa hiyo anayeokota vidogo kila msimu anaokota ugonjwa. Asiye na hela ya mbegu iliyothibitishwa asubiri shamba lianze kutoa maua, apite na vijiti achomeke penye mashina yenye nguvu, majani hayajajikunja wala hayana mabaka ya njano. Wiki mbili baadaye arudi, ang'oe kijiti kwa shina lililobadilika. Yaliyobaki na vijiti ayachimbe kabla vibarua hawajaingia. Wakitangulia, imekula kwake. Achukue viazi vya ukubwa wa yai la kuku, milimita 35 hadi 55, toka kwenye mashina yaliyozaa vizuri tu. Avitandaze kwenye chanja, tabaka mbili au tatu, penye mwanga lakini jua lisivipige. Gizani machipukizi hurefuka meupe na kukatika wakati wa kupanda.

Na hajawahi kuhesabu. Sentimita 75 kwa 30 ni mashina kama 18,000 kwa ekari. Gunia tatu za mbegu haziwezi kutosha, hata uombe vipi.

Mama Bomba:
Hajawahi kupuliza dawa kabla ya kuona doa! Mankozebu, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa ukungu, hukinga tu, haiingii ndani ya jani kuua ukungu uliokwishapenya. Kwa mvua na ukungu wa hewani wa milima ya Uporoto, anza mimea ikishaota vizuri, rudia kila siku 7, na mvua zikikaza usifikishe hata hizo. Kwa kawaida ni gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20, ila lebo ndiyo mkubwa. Pimeni kwa mzani mdogo, siyo vizibo, maana kizibo hakina kipimo. Na chini ya jani mpulize pia, jamani.

Kijana wa Isyonje:
Shikamoo mama. Na shina likinyauka mchana majani yakiwa bado mabichi, nipulize nini?

Mama Bomba:
Marahaba. Usipulize kitu. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria na hauna dawa ya dukani. Ng'oa shina pamoja na viazi vyake, toa nje ya shamba. Msimu ujao panda mahindi au ngano hapo, usithubutu nyanya, ni ndugu wa viazi.

Dalali Mstaafu:
Hajawahi kukata majani wiki mbili kabla ya kuchimba. Asipoyakata, ngozi inakuwa haijakomaa, inachubuka njiani, sokoni wanakuita wa viazi vibovu.

Lumbesa nayo, gunia la kujaza kupita kipimo? Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, yeye anashona kilemba juu huku akilalamika bei ndogo. Mzani uwe shambani kabla gari halijafika, siyo mnunuzi akishakaa juu ya magunia.