Nina sikio, sina hisabati: mwaka wa msingi utanifaa kweli?

KinandaUsiku
Wakuu, habari zenu. Niliomba kusoma shahada ya teknolojia ya muziki Uingereza. Chuo hakikunikubali moja kwa moja. Kimenipa mwaka wa msingi kwanza, ndipo miaka 3 ya shahada ifuate. Sababu waliyoandika: sikuendelea na hisabati wala fizikia baada ya miaka 16. Ni kweli. Lakini narekodi tangu nina miaka 13, nimemiksi nyimbo zaidi ya 40 za marafiki, na mahali penye kasoro sikio huniambia. Nimesoma ratiba ya mwaka huo: aljebra, trigonometria, mawimbi, umeme, nadharia ya muziki kidogo. Studio ni siku moja tu kwa wiki. Nina miaka 22 sasa. Naogopa kukaa mwaka mzima natafuta x wakati wenzangu wanatoa kazi. Aliyepitia njia hii naomba anieleze bila kunificha.

MwangwiMrefu
Mdogo wangu, nilipita humo humo. Wiki za mwanzo nilichukia kila kipindi isipokuwa studio. Kisha tukafika kwenye mawimbi.

Miaka yote nilirekodi gitaa kwa maikrofoni mbili. Siku nyingine sauti ilitoka imeshiba, siku nyingine nyembamba, kama imetobolewa katikati. Nilikuwa nahamisha maikrofoni huku na huku hata saa nzima, nikibahatisha. Mwalimu akaandika ubaoni: sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Maikrofoni moja ikizidi nyingine umbali kwa sentimita 17, sauti huifikia imechelewa nusu milisekunde. Wimbi la hezi 1,000, yaani mizunguko 1,000 kwa sekunde, hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 1. Kwa hiyo limechelewa nusu mzunguko: huku linapanda, kule linashuka, ukiyajumlisha yanauana. Na tena kwenye 3,000, na 5,000. Nilikumbuka kila gitaa nililoliharibu. Sikio langu lilikuwa sahihi siku zote, ila halikuweza kuniambia nisogeze maikrofoni kiasi gani.

Logarithimu nazo, ambazo shuleni nilizikimbia, ndizo desibeli zenyewe, kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukizidisha volti mara mbili unapanda kama desibeli 6, na kuanzia siku hiyo namba za kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, zikaanza kuongea nami.

Mwaka wa kwanza wa shahada, somo la mawimbi ya dijitali lilianza na sini na kosini siku ya kwanza, na hakuna aliyesimama kutueleza sini ni nini. Niliwahurumia waliokuwa wanaziona kwa mara ya kwanza. Usiukatae huo mwaka.

Fyuzi
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila si kila mwaka wa msingi uko hivyo. Kuna wa jumla, wanafunzi wa fani zote wanakaa pamoja wakifundishwa kuandika insha na kunukuu vitabu. Huo kwako hauna kazi. Wako una mawimbi na umeme, ni afadhali sana.

Uliza pia kama umeungwa na shahada, au ni kozi inayojitegemea ambayo ukiimaliza unaomba upya. Kwa wakazi wa Uingereza jambo hili linagusa hata mkopo: mwaka ulioungwa na shahada huhesabiwa pamoja nayo. Ukitoka nje ya nchi, tegemea kujilipia yote. Na wakupe kwa maandishi alama unazotakiwa kupata ili uvuke.

KinandaUsiku
Ahsanteni sana. Umeungwa, nimethibitisha leo. Mfano wa gitaa umenigusa, maana tatizo hilo ninalo mpaka sasa. Kabla masomo hayajaanza, nishike nini kwanza?

MwangwiMrefu
Usinunue kifaa chochote. Fungua programu yako ya kurekodi, tengeneza sauti ya sini, yaani wimbi laini la toni moja tu, ya hezi 440, uinakili kwenye njia ya pili, viwango sawa. Kisha chukua karatasi ukokotoe: nakala isogezwe mbele kiasi gani mpaka zote mbili zinyamaze? Kokotoa kwanza, ndipo usogeze. Kumbuka mradi wako unachukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde.

KinandaUsiku
Mkuu, nimekaa nayo tangu jioni. Mzunguko mmoja ni milisekunde 2.27, nusu yake 1.14, kwa sampuli nikapata 50. Nimesogeza 50, imenyamaza! Mwanzoni na mwishoni inasikika kwa sababu pale nakala hazijapandana, hilo nimelielewa. Lakini nikiongeza sauti sana, katikati bado kuna kitu kidogo kinalia kama mbu. Nimerudia hesabu: 44,100 gawanya kwa 440, kisha kwa 2, inakuja 50.11. Huyo mbu ndiyo hiyo 0.11?

MwangwiMrefu
Ndiyo hiyo.