Nirudishe mzigo Goma au nisubiri EAC na SADC? Naomba ushauri

MamaRobota:
Wakuu, habari za majukumu. Ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Kariakoo. Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) mwaka 2022 nilianza kupeleka mzigo Goma, mji wa mashariki mwa Kongo mpakani na Rwanda, njia ya Rusumo na Kigali. Novemba ya mwaka huohuo wanajeshi wa Kenya wakatua Goma kwa bendera ya jumuiya, nami nikapata moyo. Nilijiambia, kama wamefungua mlango wa biashara na kuweka na askari, mtaji wangu uko salama. Nikapanga stoo Birere, mtaa wa hapo Goma, nikamweka mtoto wa dada yangu.

Januari 2025 waasi wa M23 walipouchukua mji, yule binti alijifungia stoo siku tatu. Alijibanza katikati ya marobota ili risasi ikitoboa bati ikwame kwenye vitambaa kabla ya kumfikia. Alitoka mzima, namshukuru Mungu. Mzigo ulibaki nusu, mwingine ulibebwa na waporaji.

Sasa wateja wananipigia, na nina marobota 40 yamekaa. Tarehe 8 Februari 2025 marais wa EAC na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) walikutana hapahapa Dar wakataka mapigano yasimame. Nilifuatilia mpaka usiku. Haikupita muda, Bukavu, mji mwingine wa mashariki mwa Kongo, nao ukachukuliwa na M23. Je, jumuiya hizi zina nguvu gani hasa? Nipime kwa kitu gani kabla sijarudisha hela yangu?

Kipusa wa Ilala:
Pole sana dada. Uza hapahapa Dar, uhai kwanza.

MjedaMstaafu:
Dada, pole kwa yaliyompata binti. Nilikuwa Goma mwaka 2013 na kile kikosi cha kujibu mashambulizi, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tulikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, azimio namba 2098. Mpaka Novemba mwaka ule M23 walikuwa wamesalimu amri. Sasa angalia: Desemba 2023 SADC ilipeleka nchi zilezile tatu, na Januari 2025 Goma ikaanguka, askari wetu wakabaki wamezungukwa kambini. Watanzania wawili hawakurudi, Wamalawi watatu, na Afrika Kusini ilipoteza zaidi ya kumi. Naumia kuandika hivi, wale ni wadogo zangu.

Si kwamba askari wa 2013 walikuwa mashujaa na hawa sio. Sisi tulikuwa na helikopta za kushambulia, bajeti ya Umoja wa Mataifa, na wafadhili walioibana Rwanda kwa kuzuia misaada. SADC iliidhinisha askari 5,000 na haikuwahi kufikisha idadi hiyo, na angani hawakuwa na kinga ya maana. Ukisikia "jumuiya inapeleka jeshi", uliza nani analipa mafuta na nani ana ndege.

DerevaWaRusumo:
Mwisho wa Aprili 2025 nilipaki pembeni karibu na Rusumo kupisha msafara wa hao askari wa SADC wakirudi nyumbani. Malori yamebeba magari ya jeshi, yamefunikwa turubai. Waliondoka Goma kwa barabara, wakapitia Rwanda, maana uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa. Jeshi likitoka vitani kwa kupita nchi inayotajwa kwenye ugomvi huo, mimi dereva nimeshaelewa nani mwenye ufunguo wa njia.

Msomi_Arusha:
Tusizitupe jumuiya zote kapu moja. Gambia, Rais Jammeh alishindwa uchaguzi akagoma kuondoka, ikafika Januari 2017. ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, ikasogeza majeshi, Senegali ikiwa mbele, na tarehe 21 akapanda ndege kuondoka nchini. Majirani walikuwa na neno moja, na hakuna aliyekuwa na askari wake upande wa Jammeh.

Huku kwetu, Uganda ina jeshi lake Kongo, Burundi inapigana upande wa Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, na Rwanda inatajwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuwa inawaunga mkono M23, ingawa inakanusha. Wote hao ni wanachama wa EAC, na maamuzi ya wakuu yanapitishwa kwa makubaliano ya wote. Kile kikosi cha EAC Kinshasa ilitaka kipigane, chenyewe kikakaa katikati ya pande mbili. Desemba 2023 Kongo ikakataa kukiongezea muda, kikafungasha. Hapo ndipo pa kupimia, dada: mwenye nyumba anataka wafanye nini, na wageni wamekubali kufanya nini. Hayo mawili yakitofautiana, usipeleke hata robota moja.

Mwana_Birere:
Yaya, jambo. Miye niko hapa Goma. Soko iko, batu banavaa vitenge, hiyo usiogope. Shida ni makuta, pesa. Banki zilifunga Januari ile, tukawa tunavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta hata dola mia. Na kodi unalipa kwa benye kushika muji, kesho ukipeleka bintu upande wa serikali banaweza kukulipisha tena. Kama unaleta, acha depo Gisenyi, sisi tutavuka barrière ya mupaka na kubeba kidogo kidogo, cash mkononi. Usimrudishe mtoto kulala na mali.

Msomi_Arusha:
Huyu wa Birere kaongea kuliko sisi wote. Niongeze moja tu: mwaka 2025 mazungumzo yenye uzito yalihamia Washington na Doha. Fuatilia ya huko pia.

MamaRobota:
Wakuu, nimesoma kila jibu, asanteni. Mjeda, Mungu awarehemu wadogo zako. Nimekaa na binti jana, nikamsomea ujumbe wa Birere akalia, akasema Goma hataki kulala tena. Basi nimeamua yaende marobota sita tu, na yaishie Gisenyi. Mengine 34 nayauza hapa kwa bei ya kukomboa mtaji. Mkopo wa benki niliokuwa nauwazia nimeuacha. Mwenye stoo kavu Gisenyi, isiyovuja, aje PM.